Saa yangu ya kwanza ilikuwa na uso wa kuazima

Fundi aliing'oa lenzi jichoni, akanitazama kidogo, kisha akaisogeza saa juu ya meza mpaka ikafika mbele yangu.

"Dada, si uliniambia kazi yako ni kusahihisha vitabu kabla havijapigwa chapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, nisomee hapo."

Palikuwa na neno moja la kusoma: OMEGA. Nilikuwa nimelisoma mara mia tangu kifurushi kinifikie. Nikamwambia pameandikwa Omega. Akacheka, akanipa lenzi yake. "Hujasoma. Umelitambua tu."

Nikasoma. Vijiti vitatu vya E havikulingana urefu. Kidevu cha G kilikuwa kimevimba. Mguu wa M ulikuwa umegusana na jirani yake. Nikashuka hadi chini ya namba 6, mahali ambapo saa za Uswisi za miaka ile huandikwa SWISS MADE, au SWISS peke yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikakuta patupu. Mistari ya dakika inayozunguka ukingo ilikuwa imepishana na alama za dhahabu za saa, hivi kwamba alama ya 4 ilisimama katikati ya mistari miwili kama mgeni aliyekosa kiti. Na kile kijiduara cha sekunde, ambacho kwa kawaida huwa kimezama kidogo na kuchongwa mistari myembamba ya mviringo, kilikuwa kimejaa rangi, mistari yote imezibwa.

Uso ulikuwa umepakwa upya. Aliyeniuzia (simtaji, na akaunti yake siku hizi haipo) aliandika kwamba ni uso wa asili ambao haujawahi kuguswa, na mimi ninayelipwa kuona mkato uliokaa pasipo pake nilizitazama picha zake nane nikaona weupe tu. Weupe ndio ulionipofusha. Niliona ni bahati ya mtende kupata saa yenye umri wa kuwa bibi yangu ikiwa safi kiasi kile.

Nadhani fundi aliona nilivyonywea. "Usiondoke na simanzi," akasema, akauchomeka wembe wa kufungulia kwenye kijipengo cha mgongo wa kasha, akauzungusha kidogo, mgongo ukaachia kwa mlio mdogo wa "tk". Ndani mlikuwa na mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, imelala kimya, haina hata kutu. Akageuza kile kitufe cha kutilia ufunguo mara tatu. Gurudumu la mizani likashtuka, likaanza kwenda na kurudi. "Wamemharibu uso tu huyu," akasema. "Moyo mzima."

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kukusanya saa kwa kweli, ingawa kwenye daftari langu ile ya kwanza imeandikwa wiki tatu kabla.

Nieleze kwanza ninachokusanya, maana watu wakisikia saa za zamani hufikiria zile za wapiga mbizi, madude mazito yenye ukingo unaozunguka. Zangu ni saa za kuvalia nguo nzuri, zilizotengenezwa Uswisi kati ya miaka ya 1940 na mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni saa nyembamba na tulivu, zenye mishale miwili na ya sekunde, basi. Upana wake mara nyingi ni milimita 33 hadi 36. Patek Philippe walipotoa Calatrava ya kwanza, ile wanayoiita namba 96, mwaka 1932, ilikuwa na milimita 31 hivi na hakuna aliyeilalamikia. Leo mtu akiiona anauliza kama ni ya mtoto. Mume wangu aliniuliza hivyohivyo, na mwezi uliofuata nikamkuta ameivaa mojawapo akienda harusini. Ilimkaa vizuri kuliko ile sahani yake.

Sifa yake kubwa ni kuingia chini ya kikono cha shati bila kubisha hodi. Wenye viwanda walishindana sana kwenye wembamba huo. Mwaka 1955 Vacheron Constantin walikuwa na mashine yenye unene wa milimita 1.64, na mwaka 1957 Piaget wakatoa yao ya milimita 2, iitwayo 9P. Kamani, magurudumu, vito, vyote vimelala ndani ya unene wa sarafu. Sina hata moja ya hizo. Niliwahi kuishika ile ya Piaget mara moja, nikairudisha upesi kabla sijazoea.

Rudi kwenye uso, maana ndiko nilikofanyia kosa langu la kwanza.

Kupaka uso upya halikuwa kosa zamani. Mwenye saa alikuwa na saa moja tu, uso ukipauka au ukiingia unyevu anaipeleka kwa fundi, fundi anautuma mahali pa kupakwa, unarudi mweupe, mwenyewe anafurahi. Ni kama kupaka rangi mlango wa nyumba. Udanganyifu unaingia pale mlango huo unapouzwa kwa jina la rangi ya kwanza. Uso uliochapwa kiwandani una wino uliosimama: ukiuinamisha chini ya taa unaona herufi zimeinuka kidogo juu ya rangi, kingo zake kali. Uliopakwa baadaye, herufi huwa zimelala, zimetanuka, au zimekaa kama zilizoandikwa na mtu aliyekuwa akinakili lugha asiyoijua. Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Yule mpakaji hakuwa akisoma, alikuwa akichora.

Siku hizi nafanya kama ninavyofanya kazini: nasoma kinyumenyume. Msahihishaji akichoka huanza na neno la mwisho la ukurasa na kupanda juu, ili akili isimkimbilie kwenye maana. Kwenye saa naanza chini kabisa, kwenye SWISS MADE, nazunguka na mistari ya dakika mmoja mmoja, ndipo napanda kwenye jina. Jina ndilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalolevya.

Kwa njia hiyo nilinusurika na Omega nyingine, ya kujijaza yenyewe, uso wa rangi ya maziwa, kila herufi imesimama sawasawa. Muuzaji alisema ni ya mwaka 1952, na namba ya kwenye mashine ilikubali. Lakini pale chini palikuwa na herufi mbili za T, moja kila upande wa SWISS MADE. T hiyo ni ya tritiamu, kitu cha kufanya alama za saa ziwake gizani, na ilianza kuandikwa kwenye nyuso za saa miaka ya 1960, viwanda vilipoiacha rediamu iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Kwa hiyo uso ulikuwa halisi, wa kiwandani, ila ulizaliwa miaka kumi na ushee baada ya saa yenyewe. Labda ulibadilishwa kwenye matengenezo. Siwezi kuuita uongo, lakini sikuinunua.

(Kuhusu hiyo rediamu: ukikuta saa ya zamani yenye vidoti vya kahawia vilivyokuwa vikiwaka gizani, usivikwangue. Havimuliki tena kwa sababu unga uliokuwa ukitoa mwanga umechoka, lakini rediamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Iko palepale. Saa nyingi za kuvalia hazikupakwa kitu hicho, na hilo ni sababu mojawapo ya mimi kulala nazo chumba kimoja bila wasiwasi.)

Kosa langu la pili lilikuwa la mgongoni. Niliona saa ya njano inayong'aa, jina lake ni la kiwanda kidogo kilichokwishakufa, na muuzaji akasema ni dhahabu. Nilipoigeuza nikakuta imechongwa kwa Kifaransa: "Fond acier inoxydable". Kifaransa changu ni cha kubabaisha lakini niliona neno "inoxydable", nikajua ni kile chuma kisichoshika kutu, nikafurahi: dhahabu mbele, chuma imara nyuma, mjanja aliyeibuni! Nililipa. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba neno zito hapo ni lile la kwanza, "fond", yaani mgongo. Maandishi yanasema mgongo ndio wa chuma hicho. Ya sehemu nyingine hayasemi kitu, na ukimya huo ndio wenye habari. Kasha lilikuwa la chuma duni lililochovywa dhahabu, na pale mkanda ulipokuwa ukisugua, dhahabu ilikuwa imeshakwisha na chini yake kunachungulia kijivu.

Tangu hapo migongo naisoma kama mikataba. Iliyochovywa vizuri husema yenyewe: "plaqué or", na idadi ya mikroni, mara nyingi 10 au 20. Mikroni 20 ni sehemu ya hamsini ya milimita, na ukiitunza inakuzika. Dhahabu kamili ya Uswisi ya enzi hizo ina muhuri mdogo, ndani au nje ya kasha: kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa dhahabu ya karati 18, na kindi kwa karati 14. Kindi! Mnyama mdogo asiyezidi punje ya mchele, mkia umeinuka, amepigwa nyundo na mtu wa serikali. Ninayo saa moja yenye kindi. Ndiye ninayemwangalia kwanza nikiifungua, kabla ya mashine.

Mashine nazo zina watu wake. Mimi ni wa milimita 30.

Ile saa yangu ya kwanza yenye uso wa kuazima, ndani yake ni Omega 266, mjukuu wa mashine iliyotoka mwaka 1939 kwa jina la 30T2. Namba 30 ni kipenyo chake kwa milimita. Milimita 30 haikuchaguliwa kwa kupendeza macho. Kwenye mashindano ya vituo vya kutazamia nyota, ambako saa zilipimwa kwa wiki kadhaa katika mikao na joto tofauti, hicho kilikuwa kipimo cha juu kabisa kwa mashine ya mkononi, na gurudumu la mizani likiwa kubwa saa haiyumbishwi ovyo. Zenith wa Le Locle walifuata njia hiyohiyo na kaliba yao ya 135 (kaliba ni aina ya mashine): walilisogeza gurudumu la katikati pembeni ili mizani ipate nafasi ya kunenepa, wakachukua nafasi ya kwanza kwenye kituo cha nyota cha Neuchâtel miaka mitano mfululizo, 1950 hadi 1954. Zile za mashindano zilirekebishwa na mafundi bingwa na hazikuuzwa madukani. Lakini ndugu zake wa kawaida walitoka kwenye michoro ileile, wakavaliwa na makarani na walimu. Hilo linanifurahisha kila nikiitia ufunguo ile 266 yangu. Inapiga mara 18,000 kwa saa, ndiyo tano kwa sekunde. Uso wake ni mwongo, wakati wake ni wa kweli: hupotea sekunde kumi hivi kwa siku, na kwa umri ule simdai zaidi.

Sasa bampa. Hii ni lazima niieleze polepole, kwa sababu haionekani kwenye picha na ndiyo iliyonimaliza.

Saa za kujijaza zenyewe za siku hizi zina kipande kizito kinachozunguka duara zima mkono unapotembea. Omega za kwanza za kujijaza, kuanzia 1943 hadi katikati ya miaka ya 1950, hazikuwa hivyo. Kipande chao kizito kilibembea tu, kikaenda upande mmoja mpaka kikagonga springi ndogo, kikarudi, kikagonga ya upande wa pili. Ndiyo maana wapenzi wa saa wanaziita bampa. Mara ya kwanza fundi aliniwekea moja kiganjani bila kuniambia kitu. "Inamisha mkono," akasema. Nikainamisha. Kitu kikatembea ndani, kikagonga, "dup", kikarudi, "dup", kama paka anayejigeuza ndani ya kikapu. Nilishtuka nikataka kuiangusha. Mashine zote nilizowahi kuzishika zilikuwa zikipiga na kutulia ndani yake zenyewe. Hii ilikuwa inanijibu.

Ninayo moja sasa, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, kasha la chuma, uso uliobadilika kuwa rangi ya chai ya maziwa na madoa mawili karibu na namba 8. Hiyo ndiyo ninayovaa nikiwa na muswada mrefu. Nikigeuza ukurasa, dup. Nikifuta mstari, dup. Mhariri mwenzangu aliwahi kuniuliza kama nina kitu mfukoni.

Wengine walilitatua jambo hilohilo kwa akili tofauti. IWC wa Schaffhausen walikuwa na Albert Pellaton, aliyetengeneza mfumo ambamo kipande kizito kinasukuma kipande kingine chenye umbo la moyo, na makucha mawili yanavuta gurudumu zamu kwa zamu, kwa hiyo mkono ukienda kushoto au kulia saa inajaa tu. Eterna wa Grenchen mwaka 1948 waliweka kipande chao juu ya golori tano ndogo mno, na wakajivunia hivyo hata golori hizo tano zikawa nembo yao. Universal Genève wao walikifanya kipande kidogo, wakakizamisha ndani ya mashine yenyewe ili saa ibaki nyembamba. Saa iliyobeba hiyo mashine, Polerouter, ilichorwa na Gérald Genta mwaka 1954, akiwa na miaka ishirini na michache, kwa ajili ya safari za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, zilizopita pande za Ncha ya Kaskazini. Naipenda, lakini ina mbwembwe kidogo kwa mtu wa aina yangu.

Niseme na nilivyoharibu mwenyewe, maana ni rahisi kulaumu wauzaji.

Nina kompyuta bapa ninayosomea miswada, na mfuniko wake hufungwa kwa sumaku. Usiku mmoja niliilaza saa ya milimita 30 juu ya mfuniko huo. Asubuhi ilikuwa mbele kwa karibu robo saa. Nikairekebisha, mchana ikawa mbele tena. Nilimpelekea fundi nikiwa na sura ya msiba. Alichukua dira ndogo, akaileta karibu na saa, sindano ikatetemeka. Ndani ya saa kuna kamani nyembamba kama unywele, imejiviringa, ndiyo inayoirudisha mizani kila inapokwenda. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, na ikinatana ni kama imefupishwa, na kamani fupi huenda mbio. Akaiweka juu ya kidude chenye kitufe kimoja, akabonyeza, akainyanyua taratibu. Sekunde tatu. Hakutaka hata kulipwa. "Nunua mfuniko mwingine," akasema.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halirudi. Kabla sijampata mzee huyu nilikuwa na fundi mwingine, mtu mwema na mwepesi wa mkono. Nilimpelekea saa yenye kioo kilichochubuka. Vioo vya saa hizi ni plastiki ngumu, na michubuko yake hutoka kwa kusugua na dawa laini na kitambaa, dakika kumi za uvumilivu. Yeye alikitupa akaweka kipya. Sikujua kwamba kwenye kioo cha asili cha Omega, katikati kabisa, kuna nembo yao imechongwa, ndogo hivi kwamba bila lenzi unadhani ni vumbi. Ilikaa pale miaka sitini na kitu, juu ya kitovu cha mishale, na mimi ndiye niliyempa mtu ruhusa ya kuitupa. Halafu akanifanyia na hisani ambayo sikuiomba: akaling'arisha kasha. Saa hizi zina masikio manne yanayoshika mkanda, na yanapotoka kiwandani kingo zake ni kali, unaziona zikikata mwanga. Ukizisugua na mashine ya kung'arisha mara mbili tatu, zinakuwa kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Zangu zilirudi sabuni. Zinang'aa kweli.

Ndiyo sababu nikikutana na Constellation, Omega iliyoanza 1952, naigeuza kabla ya kuitazama uso. Mgongoni kuna kituo cha nyota chenye kuba, na juu yake nyota nane. Nyingi nilizoziona nyota zimebaki vivimbe. Moja tu nilihesabu nane.

Na mikanda! Saa nyingi za wakati huo zina nafasi ya milimita 17 kati ya masikio. Nani alikubaliana na 17? Mikanda ya 16 ipo, ya 18 ipo tele. Nimekata mikanda ya 18 kwa kisu cha karatasi mpaka nimechoka. Tuendelee.

Kitu cha mwisho nilichonacho hakivaliki.

Siku ya Krismasi mwaka 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa, yaani ya betri, isiyotiwa ufunguo, na kilichofuata huko Uswisi kinajulikana: mwaka 1970 kazi ya saa ilikuwa na watu kama 90,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 wamebaki 30,000 na kidogo. Kinachosemwa kwa nadra ni kilichozipata saa zenyewe. Bei ya dhahabu ilipanda mno kuelekea 1980, wakati ambapo saa ya zamani ya kutia ufunguo haikuwa na thamani mbele ya mtu yeyote. Watu walifungua makasha, wakatoa mashine, wakayeyusha dhahabu. Mashine ziliwekwa kwenye makopo. Makopo hayo bado yanazunguka duniani.

Mojawapo ya mashine zilizokuwa kwenye makopo hayo iko mezani kwangu. Ni Longines, kaliba 12.68Z, upana wa milimita 27. Haina kasha, haina kioo, haina mgongo, haina hata kitufe kamili, imebaki fimbo tu ya kutilia ufunguo. Lakini ina uso wake na mishale yake mitatu. Na uso wenyewe, lo! Umepauka upande mmoja, wino umesimama, kiduara cha sekunde kimechongwa mistari myembamba ambayo ukiigeuzageuza inazungusha mwanga kama feni, na chini yake SWISS, herufi tano, hakuna MADE, zimejipanga sawa. Nimeusoma kinyumenyume mara nyingi kutafuta kosa. Hakuna.

Niliwaandikia Longines kule Saint-Imier nikawapa namba ya mashine. Wanazo daftari za tangu karne ya 19, zilizoandikwa kwa mkono, na wanajibu. Walinijibu kwa mistari minne: mashine hiyo iliwekwa kwenye saa ya mkononi ya dhahabu ya karati 18, ikaandikiwa ankara mwaka 1952, kwenda kwa wakala wao wa Italia. Mume wangu alisoma barua ile juu ya bega langu. "Kwa hiyo kasha liko wapi?" akauliza. Nikamwambia huenda ni pete ya mtu.

Fundi amenishauri mara mbili niihamishe mashine ya Omega, nichukue kasha lake, nilitafutie pete ya kukazia ndani, nimweke Longines humo, uso mzuri upate mwili. Milimita 27 ndani ya nafasi ya 30. "Inawezekana," anasema, "nusu siku tu." Nikamwuliza atakayeinunua baada yangu ataisomaje. Akafikiri, akarudisha lenzi jichoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo zote mbili nimeziandika. Namba 1: Omega 266, uso umepakwa upya, herufi E mbovu, nilidanganywa, inavaliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Namba 14: Longines 12.68Z, Italia 1952, kasha limeyeyushwa. Hutiwa ufunguo Jumapili asubuhi, kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, mpaka ikatae. Inakwenda saa 34 ndani ya kikombe cha kioo kilichofunikwa, Jumatatu jioni inasimama.